Siku Mtani Aliponyamaza

Nilikubali kwenda kule milimani kulenga shabaha kwa sababu moja tu: nilitaka kurudi nyumbani Muheza. Bunduki nimeshazishika za kutosha, sina hamu nazo. Lakini kulikuwa na bwana mmoja kutoka Dar, mwenye kampuni ya ulinzi, aliyekuja huku China, Guangzhou, kununua tochi na sare. Bwana huyo alikuwa anatafuta mwanamke mtu mzima wa kukaa na walinzi wake wa kike kwenye kambi ya mafunzo anayoijenga nje ya mji wa Tanga. Chumba kipo, jiko lipo, watu wapo mchana na usiku. Na mwanangu alikuwa ameniambia, "Mama, huyu akikuchukua nitakuruhusu. Lakini peke yako kwenye ile nyumba, hapana. Hilo tusilirudie."

Hapo ndipo tulipofika. Mtoto niliyemnyonyesha ndiye anayeniruhusu.

Mwanangu ananunua nguo kule mtaa wa Guangyuan Xilu na kuzisafirisha nyumbani. Anatoka asubuhi, anarudi miguu imemvimba, anakula huku anasema na simu: laoban fulani, yaani tajiri mwenye duka, hajatoa mzigo, wakala wa bandari ya Nansha anataka karatasi nyingine. Alinileta huku baada ya mimi kuanguka msalani na kuvunjika mguu, nikakaa sakafuni mpaka jirani aliposikia. Mguu ulipona. Mimi nikabaki.

Dirisha letu linatazama dirisha la watu wengine. Yuko bibi wa Kichina pale, rika langu, anaanika mboga kwenye kamba kama mtu anayeanika nguo. Hunipungia mkono, nami humpungia. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, hatujapata mengine. Siku nyingine nikiwa jikoni husema Kizigua peke yangu, nijue kama bado kimo. Kimo, ila hakina wa kukijibu.

Shule niliacha darasa la nne. Nilichojifunza vizuri ni mgambo. Kijijini wasichana tulianza na bunduki za mbao, tukawa tunacheka, kisha tukapewa za kweli na kicheko kikaisha. Mume wangu alipofariki nikaajiriwa mlinzi wa ghala la mkonge, nikalinda pale mpaka nywele zikabadilika rangi. Ndiyo maana mwanangu alinitaja mbele ya yule bwana.

Bwana mwenyewe ni Mnyamwezi. Alipokuja kwetu mara ya kwanza na kusikia mimi Mzigua, hata kuketi hakuketi.

"Ala! Kumbe nimeingia nyumbani kwa mtumwa wangu!"

"Mtumwa wewe," nikamwambia. "Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, tukampa maji kwa huruma tu. Hata kata hakurudisha."

Mwanangu alishika mdomo. Amekulia mjini, hayajui haya ya utani wa Wazigua na Wanyamwezi. Mtani hakasirikiwi. Mtani atakuja hata msibani, alale mbele ya jeneza aseme marehemu hatoki mpaka amlipe kuku wake, na wafiwa wacheke machozi yanawatoka. Tangu siku ile yule bwana hakuniita mama hata mara moja. Mtumwa wangu, Mzigua wangu, basi. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nishuke kwenye ndege.

Siku ya safari ya kwenda kunijaribu kwenye bunduki tulikodi gari na dereva wake, tukaelekea kaskazini mpaka maghorofa yakaisha, ikawa vilima na mashamba ya matunda ya lichi. Uwanja wa kulenga shabaha uko bondeni, nyuma yake kuna tuta kubwa la udongo mwekundu. Langoni wakachukua pasipoti zetu. Ndani bunduki zimefungwa mezani kwa mnyororo, kila moja imeelekezwa kwenye tuta, ukitaka kuigeuza haigeuki.

"Wamesikia Mzigua anakuja," akasema mtani.

"Wameona Mnyamwezi, wakaogopa ataibeba kichwani akaiuze."

Kijana wa Kichina akanivalisha vile vikombe vya kuziba masikio, akasimama nyuma yangu. Risasi ya kwanza ilikwenda pembeni, maana ule mnyororo haukunipa nafasi ya kuweka bega nilivyozoea. Zilizofuata zilikaa pamoja. Jua lilikuwa kali, karatasi ilionekana vizuri. Walipoileta ile karatasi mwanangu akaipiga picha. Mtani akaishika juu akaikagua kama anakagua noti bandia.

"Hii karatasi haina miguu," akasema. "Ingekuwa mwizi, saa hizi imeshafika Korogwe."

"Ingekuwa Mnyamwezi ingesimama kuomba maji."

Akacheka mpaka dereva naye akacheka, asijue anacheka nini.

Tulikula nje, chini ya paa la mabati. Nilikuwa nimebeba chapati na kuku wangu mwenyewe, maana nyama ya kwenye mahoteli ya huko siijui imechinjwa na nani. Tulipomaliza, mtani akapanga mifupa mezani. Mfupa wa paja ukawa ghala, vizibo vya chupa vikawa walinzi, ganda la chungwa likawa lango. Akaanza kupanga mafunzo yake. Yeye aliyaita mafunzo ya mwanga hafifu. Mwizi mjuzi, alisema, haji usiku wa manane. Anakuja magharibi na alfajiri, wakati mlinzi anadhani anaona kumbe anaota. Kwa hiyo wiki ya kwanza hakuna silaha kabisa. Ni tochi na sauti tu. Mtu amulike, aone, aseme kwa mdomo anachokiona, ndipo mkono uamue.

"Na hamuliki muda mrefu," akasema. "Anamulika, anaona, anazima, anahama. Ukikaa na tochi inawaka, umemwonyesha adui pa kurushia jiwe."

Hilo sikulijua. Sisi tulikuwa tunamulika kama mtu anayetafuta sindano. Nikamwambia, na akafurahi. Nami nikamwambia awatembeze kwanza bila tochi, wajue mlango wa ghala unalia vipi ukiguswa na upepo na unalia vipi ukiguswa na mtu. Akachukua kizibo kingine akakiweka nje ya lango.

"Huyu ni wewe, Mzigua wangu. Utawafundisha kwa lugha gani?"

"Kwa fimbo."

Mwanangu alicheka kwa sauti. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka na mtu aliyeketi mbele yake, si wa kwenye simu. Nikaona kabisa chumba changu kule kambini, sufuria zangu, wasichana wakinikimbia na kunirudia. Nikatazama kile kizibo nikaona kimekaa mahali pake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Tangu sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina, mwanga ukipungua, macho yangu yanaingiwa na ukungu. Mchana sina tabu. Ikiingia magharibi, mtu akisimama mbele yangu namjua kwa sauti na kwa mwendo. Nilifunika. Mwanangu akinipa kitu jioni nasema kiweke hapo. Nikaona nikishafika Tanga, nani atajua?

Pale uwanjani hawaruhusu kupiga risasi jua likishuka. Ila wana ghala lisilo na madirisha, wamesimamisha humo sanamu za watu za mbao, na bunduki ya plastiki inayotoa taa nyekundu badala ya risasi. Mtani akasema tujaribu tochi zake mle, na mpango wake pia. "Aanze mwalimu," akasema, akanipa tochi.

Wakapunguza taa mpaka ikabaki nyekundu kidogo juu ya mlango.

Nikamulika. Nikaona duara jeupe linaloumiza, na katikati yake kitu kirefu. Kinaweza kuwa mtu. Mkononi mwake hakikuonekana kitu, wala mkono wenyewe.

"Haya, mtumwa wangu. Ameshika nini huyo?"

Nilijua sanamu zile ni za namna mbili tu, mtani alishatueleza mlangoni: wengine wameshika panga, wengine simu. Ningeweza kubahatisha. Ningesema panga, na huenda ingekuwa panga, na tungetoka mle tukicheka.

Kule kwenye mkonge mwenzangu alibahatisha magharibi moja. Alisikia majani, akaona kitu kirefu, akapiga. Akamuua ng'ombe wa mzee wa jirani. Tulimcheka wiki nzima, tukamwita mwindaji. Yeye hakucheka. Njia ile ng'ombe aliyopita ndiyo watoto wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wanapita kwenda kuchota maji, na wa kwake akiwemo. Mwisho wa mwezi aliacha kazi, na hakuna aliyemuuliza sababu, maana wote tulishaifahamu.

"Sioni," nikasema.

"Sogea kidogo. Tikisa tochi."

Nikasogea. Duara likawa kubwa zaidi.

"Nimesema sioni. Na kama sioni, sipigi."

Nilisubiri. Nilisubiri aseme Wazigua ni vipofu tangu enzi za babu zao, macho yao waliyauza kwa chumvi. Ningemjibu. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilisikia pumzi ya mwanangu nyuma yangu, nikasikia mtani anakuja, akaitoa tochi mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala.

"Sawa, mama," akasema.

Akawasha taa. Sanamu ile ilikuwa imeshika simu.

Ndani ya gari alikaa mbele na dereva, akitazama tochi zake, anawasha, anazima. Nikaona nimvute kwa utani. "Nyie Wanyamwezi mkipewa gari mnanyamaza," nikasema. "Mmezoea kwenda kwa miguu."

"Ah, mama," akasema, akacheka kidogo kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Mwanangu alisubiri mpaka tukaingia barabara kuu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya wao."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniachia niende?"

Akatazama nje. "Nisingekuachia."

"Basi umeshajijibu."

Baada ya muda akasema atanipeleka kwa daktari wa macho, kwamba siku hizi jicho linasafishwa, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikamuuliza nyumbani gani. Akainamia simu yake, nami sikumkazania.

Mtani alituteremsha mlangoni. Alishuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu atajaalia, akipata mwalimu mwingine atatuarifu. Hilo la mwisho alimwambia mwanangu, si mimi. Ngazi za jumba letu zina taa zinazowaka zikisikia kishindo. Mwanangu alitangulia, akawa anapiga mguu chini kila tunapofika kona ya ngazi, kwa nguvu, kama askari, na mimi nyuma nimeshika ukuta.

Begi langu nilikuwa nimeshalipanga tangu juzi, limekaa nyuma ya mlango wa chumba. Nililivuta mpaka kitandani nikalifungua. Nikatoa khanga, moja baada ya nyingine, nikazirudisha kabatini. Nikatoa na sahani ya bati niliyokuwa nimeifunga katikati yake isigongwe. Mwanangu alisimama mlangoni na simu inalia mkononi, hakuipokea. Akaingia akawasha na taa ya ukutani, kuongezea ile ya darini iliyokuwa inawaka.

Nikamwambia aizime, umeme hautolewi bure. Hakuizima.