Siku Efendi Alipochota Maji

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi wajukuu wanadhani nimerukwa na akili. Ni siku niliyoolewa, hapa hapa Makote, enzi za Mjerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyofuata nayo imekwisha, na watu walikuwa na hamu ya kucheza ngoma. Arusi yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kubwa tangu mabaya yale. Nami nilimpenda bwana arusi, nasema wazi, kwa umri huu simwonei mtu haya.

Kwetu Wayao mwenye mtoto wa kike ni mjomba. Baba yupo, anaheshimiwa, lakini neno la kumtoa mwali hutoka kinywani mwa mjomba. Wangu alikuwa Che Salumu, aliyetumikia jeshi la Mjerumani mpaka akafika efendi, cheo ambacho askari mweusi hakuruhusiwa kukipita. Vita vilipokwisha wakubwa zake wa Lindi wakamtunuku upanga. Si panga la kufyekea, la! Upanga wa gwaride, mpini wake wa rangi ya dhahabu umechongwa kichwa cha simba, bapa limenakshiwa majani na maandishi ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma. Alikuwa akiusugua kwa majivu na ndimu mpaka unamulika. Aliupenda sana, na simlaumu, maana alizaliwa katika nyumba isiyo na kitu.

Asubuhi ya arusi akaja na magwanda yake yote, tarbushi kichwani, nishani kifuani, upanga kiunoni. Akasimama nje ya chumba nilichofungiwa, akaniambia kwa sauti iliyojaa furaha, "Mpwa wangu, leo nimekuheshimisha. Hakuna mwali wa Newala nzima aliyetolewa mbele ya upanga kama huu." Maskini, yalimtoka moyoni kabisa.

Sasa bwana arusi alikuwa Mmakua wa Nanganga, na ndugu zake walikuwa wamekunywa yale maji ya vita. Waliwindwa porini na askari waliovaa kama mjomba wangu, na wengine hawakurudi. Siku hiyo walipanda mlima wakiimba, wakafika ukingoni mwa shamba letu la mtama, wakauona upanga unamulika uani. Nyimbo zikakatika. Wakakaa chini palepale mtamani, wakakataa kuingia.

Mama akamsihi kaka yake auvue, auweke ndani.

"Nikiuvua nitamtoaje mtoto?" mjomba akasema. "Kama mtu yeyote tu?"

Mama akalia. Nami kule ndani nililia zaidi, kwa sababu kwa desturi yetu wageni wa arusi wakirudi bila kukanyaga ua, ndoa imekufa na hairudiwi. Jua lilizidi kupanda. Siku zote nilimpenda mjomba, lakini saa ile nilimchukia.

Mara akatokea mtu mmoja mtamani. Alikuwa Bibi Asumini, nyanya wa bwana arusi, kizee kifupi kisicho na meno ya mbele. Ukoo wake na ukoo wa mjomba ni watani tangu mababu, na unajua mtani alivyo: atakutukana hata msibani, atakukamatia kuku wako, nawe ukikasirika umejiaibisha mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," mjomba akasema, amekakamaa.

"Marahaba. Mtani, umekuja kuoza au kukamata watu?"

Kabla hajajibu, bibi akauchomoa upanga kiunoni mwa mjomba! Akaugeuza huku na huku, akaujaribu makali kwa kidole.

"Kisu kizuri. Kitanifaa kumenyea mihogo. Ukikitaka, kikomboe. Sitaki mbuzi wala nguo. Watu wangu wamepanda mlima na wana kiu. Nenda kawachotee maji."

Mwanangu, wewe umekua na bomba. Huku juu hakuna mto. Enzi zetu tulishuka genge mpaka bondeni, tukapanda na mitungi kichwani, na ilikuwa kazi ya wanawake peke yao. Mwanamume akionekana na mtungi kichwani angetungiwa nyimbo. Na huyu alikuwa efendi.

Nikachungulia, ingawa mwali hachungulii. Mkono wa mjomba ulikuwa juu ya ala tupu. Angeweza kumfunga yule kizee na boma lingemsifu. Kisha nikaona masharubu yake yanatikisika.

"Mtani, umenipata," akasema. Akainama, akavua viatu. "Haya, nipeni mtungi."

Shangazi zangu wakamsokotea kata ya kitambaa ya kuwekea mtungi kichwani, wakashuka naye wakimfundisha kutembea. Alirudi amelowa tarbushi hadi nishani, maji yanamtiririka ndevuni, na wanawake nyuma yake hoi kwa kicheko. Njia ya bondeni inapita kando ya mtama. Wa kwanza kucheka alikuwa kaka wa bwana arusi, ambaye tangu vita hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Wengine wakafuata.

Mjomba akasimama mbele yao, shingo inatetemeka. Mtungi uliojaa huwezi kuutua peke yako.

"Jamani," akasema, "nitueni."

Mume wangu akainuka, akaushika mtungi kwa mikono miwili, akamtua. Mjomba akanyoosha shingo, akamtazama.

"Aliyenitua," akasema, "ndiye niliyempa mwali."

Neno la kumtoa mwali alilisema palepale mtamani, mbele ya watu wote, nao wakainuka wakaingia uani wakiimba. Vigelegele vilivyopigwa, mwanangu! Nilisahau kwamba mwali hulia, nikapiga na mimi.

Upanga wake alirudishiwa, unanuka mihogo. Aliendelea kuupenda, na hakuna aliyemtaka aache. Ila akialikwa mahali aliuacha nyumbani, na watoto walipomwita Che Mtungi aliitika.

Nakuambia haya kwa kuwa nawe siku moja utapewa kitu cha kung'aa, cheo, au gari, au joho la chuo. Kipokee na ukifurahie. Lakini ukienda nacho kwa watu wako, tazama kwanza nje, kuna nani amekaa chini haingii. Usimkasirikie, pengine alishakutana na kitu kama hicho siku mbaya. Kiweke pembeni, umfuate mwenyewe, umhudumie kwa mikono yako. Na mzee akikutania mbele za watu, cheka naye, maana huenda wengine wote wamekuogopa.

Mungu akupe cheo, mwanangu, akupe na watani. Akujalie ua ambao wageni wanauingia wakiimba, na kila utakapolemewa, asikosekane wa kukutua. Amina.