Siku Niliyoisafisha Injini ya Mume Wangu

Mume wangu alianguka Jumamosi alasiri huko Burat, kwenye uwanja mtupu uliopakana na mashamba, akiwa peke yake na gari lake la rimoti. Gari lenyewe lina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, magurudumu makubwa kama ya trekta, na injini ndogo ya kweli inayokunywa mafuta ya nitro na kutoa moshi. Mimi nililiita la kuchezea. Yeye alinisahihisha kila mara. "Hii ni injini, mama. Ina pistoni, ina kabureta, ina kila kitu."

Alikuwa fundi wa pampu za visima. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufufua jenereta huko Kulamawe na Oldonyiro, mahali ambapo pampu ikizimika wiki moja mifugo huanza kufa. Gari hilo aliachiwa na mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao, pamoja na sanduku la vifaa na galoni za mafuta. Tangu hapo kila Jumamosi alienda Burat kulikimbiza. Mlio wake ni mkali, kama msumeno wa mbao, na aliporudi nguo zake zilinuka mafuta hadi Jumatatu.

Jumamosi ile aliniomba twende pamoja. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Nilikuwa nimeketi mezani na mitihani ya darasa langu, na wiki nzima tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya jambo ambalo sasa hata silikumbuki vizuri. Nilimwambia, "Nenda na huyo mke wako wa plastiki." Sikuinua kichwa. Nilisikia akisimama pale mlangoni kidogo, halafu akaenda.

Alipigwa na kiharusi. Aliangukia rimoti, na kifua chake kikaibana. Gari likaanza kuzunguka na kupiga kelele bila kukoma. Haya niliyajua baadaye, baada ya siku zake za hospitali, alipokuwa amekwisha kurudi nyumbani akiwa hawezi kuinua mkono wa kulia, na maneno yakimtoka moja moja.

Aliyeniambia ni mama mmoja Mborana anayechunga mbuzi upande ule. Alikuja kumwona mgonjwa akiwa na kibuyu cha maziwa ya ngamia.

"Salaam aleikum, mama," alisema mlangoni.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

Aliketi, akamtazama mume wangu kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Mimi nilikuja na fimbo," alisema. "Mbuzi yangu yote ilikuwa imetawanyika juu ya ile kelele. Nilitaka nigombane na yeye. Nikakuta mtu amelala chini, mdomo imeenda upande. Gari inazunguka tu, inalia. Nikapiga nduru, watu ya shamba wakakuja na pikapu."

"Na kama haingekuwa inalia?" nilimuuliza.

"Singekuja hiyo upande," akasema.

Alipoondoka, nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya sinki bila kuosha kitu. Nilikuwa nimepanga kulitupa lile gari. Watu wa shamba walikuwa wamelileta likiwa limejaa vumbi na majani ya mgunga, nami nikalisukuma chini ya kitanda cha wageni nisilione. Kichwani mwangu lile gari ndilo lililomuua nusu mume wangu. Sasa mtu alikuwa ameniambia kwamba ndilo lililomwita msaada, nami sikujua niiweke wapi hasira yangu.

Wiki iliyofuata mume wangu alianza kuonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto kile chumba cha wageni. Nilimletea blanketi, akatikisa kichwa. Nilimletea redio, akatikisa kichwa, uso ukaanza kumbadilika. Mwishoni alilazimisha neno.

"Kutu."

Nilielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimelisikia somo hilo mara nyingi bila kulitaka. Mafuta ya nitro huvuta unyevu. Ukiiacha injini bila kuisafisha, na mafuta yamebaki ndani, chuma huliwa na kutu kimyakimya, na siku ukitaka kuiwasha unakuta imeshikana. Kila alipojua hatalitumia gari kwa muda mrefu, labda akienda kazini Oldonyiro mwezi mzima, alikuwa akilisafisha na kulifungia. Alikuwa akisema analilaza.

"Unataka tulilaze?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja, lile la upande mzima.

Nitasema ukweli, sikutaka. Daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia nisitegemee ule mkono. Kulilaza gari ni kukubali kwamba ipo siku litaamshwa, na mimi sikuwa na nguvu za kusema uongo wa aina hiyo mchana kutwa. Lakini Jumapili baada ya ibada nilimkalisha kwenye kiti uani, nikatandika gunia chini, nikalitoa lile gari.

Nilianza na tangi. Niligeuza gari nikamwaga mafuta yaliyobaki kwenye kopo, yakatoka machache, mazito, rangi ya chai ya rangi. Halafu mwili wa plastiki, ule uliochorwa kama pikapu, nikautoa na kuuosha kando kwa sabuni. Nilipotaka kuliweka gari zima kwenye karai la maji alipiga mkono wa kiti.

"Hapana. Hapana. Waya."

Basi nikatumia mswaki wa zamani na spiriti. Vumbi la Burat lilikuwa limeshikamana na mafuta likawa kama ugali mweusi kwenye kila kona, chini ya injini, kwenye springi, ndani ya meno ya gia. Nilikwangua kwa kijiti pale ambapo mswaki haukufika. Jua lilikuwa kali na mgongo uliniuma. Yeye alitazama kila tendo langu bila kupepesa, kama alivyokuwa akitazama vijana wapya kazini, na niliporuka sehemu alinielekeza kwa kidole hadi nikarudi.

Filta ya hewa, ambayo ni sponji ndogo, niliifua kwa maji ya vuguvugu nikaianika kwenye kamba pamoja na soksi. Kisha nikatoa betri kwenye kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya rimoti. Moja ilikuwa imeanza kuvuja.

Ndipo ikaja injini yenyewe. Nilijaribu kulizungusha kwa kidole lile gurudumu la chuma lililo nyuma yake. Halikuzunguka. Nilitumia nguvu zaidi, na mume wangu akatoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Imeshikana," nilimwambia.

Alifumba macho. Nilidhani ameamua kuacha. Baadaye akayafumbua, akaonyesha juu ya injini, mahali palipo na plagi ndogo, halafu akaonyesha sanduku la vifaa.

"Spana. Oili. Chini."

Sikuwa nimewahi kulifungua sanduku lile katika maisha yetu ya ndoa. Lilikuwa la chuma, lenye trei ya juu. Nilitoa trei nikatafuta spana ya plagi chini, katikati ya bisibisi na vitambaa na springi kuukuu. Chini kabisa palikuwa na mfuko wa karatasi wa kliniki. Niliujua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiuchukua kila mwezi, nikipanga foleni asubuhi kabla ya kwenda shuleni, nikimletea dawa zake za presha. Niliufungua. Ndani mlikuwa na karatasi za vidonge, nyingi, zimekunjwa pamoja na kufungwa kwa mpira. Hakuna hata kimoja kilichotolewa.

Nilibaki nimechutama na ule mfuko mkononi. Aliponiona, mkono wake wa kushoto ulianguka mapajani.

"Hukumeza," nilisema.

Akatazama ukuta.

"Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi. Umemeza dawa? Ukasema ndiyo."

"Ndiyo," alisema, na sijui kama alikuwa akikubali kosa au akirudia ule uongo.

"Kwa nini, mzee?"

Midomo ilifanya kazi, ikaacha, ikaanza tena. "Zili... zilinilaza," akasema. "Usingizi. Kazini. Pampu..." Akainua vidole akavitetemesha kunionyesha. Nilielewa kiasi. Fundi anayesinzia juu ya kisima hafai. Labda aliogopa wakubwa wake wamwone. Labda aliogopa mimi nimwone. Halafu akaongeza, polepole sana, "Ile siku. Kichwa kiliuma. Nili... nilikuambia twende."

Nilikuwa na maneno mengi. Mengine yalikuwa mabaya sana na yote yalikuwa ya kweli. Nilitaka kumuuliza ni nani sasa anayemwosha, ni nani anayemfunga vifungo vya shati, ni nani aliyepanga foleni ile yote bure. Lakini nilikuwa nimekwishalisikia lile neno twende, na nilijua nilivyomjibu. Tungeanza kupimana makosa pale uani, wala hakuna ambaye angeshinda.

Niliuweka mfuko juu ya gunia, nikachukua spana. Niliiangusha mara mbili. Nilifungua plagi, nikadondosha oili ndani ya tundu, matone machache kama alivyoonyesha kwa kidole, tukasubiri. Sauti za wimbo wa kwaya zilikuwa zikitoka nyumba ya jirani, na muadhini akaita alasiri, tukaendelea kusubiri.

"Sasa," alisema.

Nililishika lile gurudumu kwa kitambaa nikalisukuma mbele na nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayetikisa jino la mtoto. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu kitu kikaachia kwa ndani, na likazunguka. Nililizungusha mara nyingi ili oili ienee. Akaniambia pistoni iachwe chini, isibaki imebanwa juu, na sikujua nitaijuaje, basi nikachungulia kwenye tundu la plagi huku yeye akisema "bado" na "bado" mpaka nikasema imeshuka.

Nilirudisha plagi na filta, nikaacha kifuniko cha tangi wazi kidogo. Nililiweka gari juu ya kipande cha ubao ili magurudumu yasibebe uzito, nikalifunika kwa shuka kuukuu, na kulitia kwenye katoni kavu juu ya kabati. Nilipomaliza aligusa mkono wangu uliochafuka oili. Sikuuondoa, ila sikumtazama.

Nilikaa siku kadhaa bila kumsemesha zaidi ya inavyobidi. Nilimlisha, nilimwosha, nilimpeleka kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Binti yetu aliyeko chuoni alipopiga simu nilimwambia baba anaendelea vizuri. Habari za vidonge sijamwambia mpaka leo.

Sasa anatembea na fimbo hadi langoni na kurudi. Mkono umeanza kufungua vidole viwili, zaidi ya alivyotarajia daktari, pungufu ya anavyotarajia yeye. Dawa anameza asubuhi mbele yangu. Baada ya kumeza anafungua kinywa na kuinua ulimi nione, bila mimi kumwambia. Mwanzoni nilimwambia aache, sisi ni watu wazima. Hakuacha. Na kila asubuhi, ingawa najichukia kwa hilo, ninainama na kutazama.