Kurasa Nilizomsomea Bibi

Kwa miaka miwili nilikuwa macho ya bibi mmoja wa Kimalei aliyeishi kwa bintiye mjini Bloomington, Marekani. Nilitumwa kumwogesha, kumpa dawa na kumpashia supu. Kusoma hakukuwa kwenye karatasi ya kazi. Kulianza siku aliponisikia nikisoma Yasini jikoni, akaniuliza kama kweli nazijua herufi za Kiarabu.

Nikamwambia sisi wa Mombasa tunazisoma kwa mwalimu wa Kurani tungali na meno ya utoto, na tunamaliza juzuu nzima bila kuelewa neno. Akacheka mpaka akakohoa. Kwao ni vivyo hivyo, na vitabu vyake vyote aliviandika Kimalei kwa herufi hizo hizo.

Alikuwa mwanamke wa kwanza mjini kwao kuchapisha riwaya. Mumewe aliona haya, akaipeleka kwa mchapishaji kwa jina lake yeye mume. Bibi alipigana miaka mingi mpaka watu wakakubali kuwa ni yake. Kila akinisimulia hayo sauti ilimtetemeka, na mimi nilimpendea hilo.

Sasa macho yalikuwa yamekwisha. Aliandika kwa kalamu nene, mistari ikipanda na kushuka, nami nikamsomea. Nilitamka tu, yeye akasahihisha. Aliniita anak, yaani mwanangu.

Ukiitwa mwanangu ukiwa mbali na kwenu, ulimi unalegea. Mchana mmoja theluji ilifunga barabara, mwenzangu wa kunipokea zamu hakufika, nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu. Yule msichana anayeniita dada kwenye simu ni wa tumbo langu. Nilimzaa kabla ya ndoa, mama akamchukua akamfanya wake, na mwenyewe hajui. Bibi akanishika mkono, akaniapia kuwa ataingia na siri hiyo kaburini.

Miezi miwili baadaye akanipa kurasa mpya. Nikasoma kwa mahadhi kama kawaida, sielewi, sijali. Kisha nikajisikia natamka Mombasa. Nikadhani ananitania. Nikaendelea: anak. Zina. Aib. Maneno hayo hayahitaji mkalimani, zinaa na aibu tumezitoa kule kule walikozitoa wao. Kumbe nilikuwa naisoma aibu yangu kwa mdomo wangu, tena kwa sauti nzuri, na yeye amefumba macho anatikisa kichwa kwa raha. Yeye, aliyelia maisha yake yote kwa kunyang'anywa kitabu! Nilimtukana moyoni tusi ambalo siliandiki hapa, na sijalitubia.

Nikaziweka karatasi kitandani. "Bibi, hapa umeniandika mimi."

Hakukana. "Sijapata kuandika hadithi nzuri kama hii, anak."

"Basi itoe Mombasa."

"Nikiitoa, hadithi inakufa."

"Bibi, mtoto ameposwa. Anaolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha tu. Wakwe wakijua, hakuna harusi. Na yeye akijua hivyo, kwa kitabu, hatanisamehe."

Akaupapasa mkono wangu juu ya shuka. Nikauondoa. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa, "Unaogopa nini? Watu wa kwenu hawajui Kimalei."

"Hata mimi sikijui," nikamwambia. "Na nimeelewa."