Hodi Kwenye Kabati

Naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku niliyomwona mama mtu mzima akibisha hodi kwenye mlango wa kabati la nguo. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke inimeze kama siku ile. Wewe unaanza utafiti wako Jumatatu, una simu ya kurekodi na maneno mengi mdomoni, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma saikolojia, najiona nimeshaijua akili ya kila binadamu kuanzia Kimara mpaka Temeke. Utafiti wangu ulihusu hofu: mwanamume mzima anaogopa nini? Nikaenda Keko kwa mafundi seremala, daftari mkononi, na kila mmoja nikamwapia kwamba atakachosema ni siri. Wengine waliniambia nyoka, wengine msumeno wa umeme. Mmoja akatazama kushoto na kulia, kisha akasogeza kigoda chake karibu.

"Sista, mie namwogopa mama mkwe."

Alimwahidi mama huyo kabati la vyombo siku ya harusi, na sasa alikuwa na watoto watatu, kabati hakuna. Balaa ni kwamba mama mkwe ndiye aliyewauzia mafundi chai na vitumbua. Kila asubuhi fundi akisikia sauti yake, anaingia ndani ya kabati mojawapo la kuuza, anavuta mlango, anasubiri apite. Nilicheka hadi machozi. Naye akacheka, lakini akashusha sauti.

"Akijua, nimekwisha. Yule mama ndo alinitetea kwa baba mkwe, wakati mie sina hata randa."

Nikaficha jina lake, kwa uaminifu kabisa. Kwenye ripoti niliandika: Mshiriki Namba Nne, fundi wa makabati ya milango mitatu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua kali. Unauona ujinga wangu? Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna aliyelijua pale. Wote walimwita Milango Mitatu. Ningeandika jina lake kamili pamoja na la babu yake, angekuwa salama.

Asubuhi moja nikarudi na ripoti yangu kuwashukuru, nikawasomea kwa sauti, najisikia raha na Kiswahili changu. Nilipommaliza Namba Nne, nikasikia birika likitua chini. Nikainua macho. Mama wa vitumbua alikuwa ameingia nikiwa nasoma, na Milango Mitatu hakuonekana tena. Akatembea taratibu hadi kwenye kabati la mwisho, akagonga.

"Hodi, mkwe."

Kisha sauti ikatoka ndani: "Shikamoo, mama."

Karakana nzima ilivunjika mbavu. Mama hakucheka. Alibeba birika lake akaondoka, na fundi alipotoka hakuwatazama wenzake, alinitazama mimi.

"Sista, si ulisema siri?"

Nikaikunja ripoti yangu, nikaondoka.

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Alinipa kipande cha msasa. Siku mbili nilipiga msasa kabati la vyombo la mama mkwe mpaka vidole vikachubuka, kisha tukampelekea pamoja. Mama alilikagua mpaka uvunguni.

"Sikuwa na hasira ya kabati," akamwambia. "Niliumia kusikia unaniogopa, tena nisikie mbele za watu."

Akammiminia chai. Mimi nilisubiri kidogo kikombe changu, na nilistahili.

Basi, mwanangu, kuficha jina si kumficha mtu. Kabla hujaipeleka ripoti popote, msomee mhusika mwenyewe, halafu ujiulize kama mama mkwe wake angemtambua. Angemtambua, futa. Na mtu akikwambia hilo usiandike, usiandike, hata kama ndilo lingekupa alama ya juu darasani.

Hata haya nimemsimulia yeye mwenyewe kwanza, akaniruhusu kwa sharti moja: asitambulike. Kwa hiyo usihangaike kwenda Keko kumtafuta mwenye kofia. Hakuwa fundi wa makabati, mama hakuuza vitumbua, na mahali penyewe sikutajii. Hodi tu ndiyo ya kweli, pamoja na aibu yangu.

Nenda salama. Mungu akujalie watu wa kukuamini, na akupe kifua cha kuwatunzia yao.