Bi Nana na Majina ya Samaki

Mimi ni mama karanga. Nakaanga samaki hapa Mtongwe, Likoni, kando ya njia iteremkayo pwani, na bila kujisifu naweza kukwambia sijapata kumlisha mtu samaki aliyelala. Wateja wangu ni wa kila namna: makuli, walimu, wafanyakazi wa feri, watoto wa madrasa. Wote hao wakija huuliza swali moja tu, kama samaki ni mbichi. Ni Bi Nana peke yake anayeuliza, "Huyu aitwaje?" Na akishajibiwa ndipo taabu inapoanza.

Nyumba yake na meza yangu zinatazamana. Ni mjane wa Mzee Khatibu, aliyekuwa karani wa bandarini, na kazi yake ni kutunga asumini. Vikuba, yale mashada ya maua ya kunukia, vya maharusi wengi wa huku kwetu hupita mikononi mwake. Wanawake wetu wakifa ndiye huwaosha, wakiolewa ndiye huwapamba, na ukimwita kwa shida haulizi mara mbili. Nayasema haya mapema usije ukadhani ni mtu mbaya. Si mbaya. Anachosha tu.

Maana Bi Nana anaamini kila kiumbe alipewa jina lake kwa sababu, na sababu hiyo humngoja mlaji tumboni. Sisi wengine tuna miiko yetu ya kawaida, lakini huu ni wake mwenyewe, hakuna mwingine Mtongwe aliye nao. Uani kwake aling'oa kifauwongo, ule mmea unaokunja majani ukiguswa, akisema mmea uliozoea kujifanya maiti utawazoesha na wenye nyumba. Haya, mmea ni wake na ua ni wake. Nilicheka, nikaendelea na karai langu.

Kicheko kilikwisha mwaka huu, mkaza mwanawe alipopata mimba.

Mwanawe ni Taufiq, dereva wa lori la makontena, leo yuko Voi, kesho yuko Malaba. Mkewe ni Sumeya, msichana wa Kikamba kutoka Mwingi. Kwao anaitwa Pascalia. Alisilimu akaolewa, na wazazi wake wakamwambia asirudi. Bi Nana alimpokea, akamfundisha kupika kwa tui, kumtoa samaki miba kwa vidole na kufyonza kichwa bila aibu. Alimpenda kama mwana wa kumzaa. Na kwa kumpenda huko, mimba ilipoingia, akamfunga mdomo.

Ilianza na pono. Usingizi wa pono kila mtu anaujua, kwa hivyo nilipoambiwa mtoto atakuja kusinzia darasani nilimrudisha nikatoa samaki mwingine, changu.

"Changu?" akasema Bi Nana. "Azae mtoto wa kila kitu changu, changu? Hata tonge hatompa mwenzake."

Nikatoa mkizi, nikaambiwa mtoto atakuwa na hasira. Papa, moyo wake utapapa. Kamba, kitovu kitamzonga shingoni. Kaa, atakaa humo humo asitoke. Simu, vile visamaki vidogo vya kukaanga kavu, atakuwa mtoto wa simu. Nilimuuliza kama watoto wote wa Nairobi wanaolala na simu mkononi mama zao walikula samaki huyo. Akaendelea kutunga asumini, maana swali lenye akili halikuwa na nafasi katika mazungumzo yale.

Siku moja niliona nimempata. Mvuvi aliniletea taa, yule samaki mpana mwenye mkia mrefu, nikambeba mpaka barazani kwake.

"Bi Nana, huyu ni taa. Taa ni mwangaza. Azae mtoto mwenye nuru, wataka nini zaidi?"

Akafikiri, mkono wake ukiwa ndani ya sinia la asumini. "Taa huzimika, Nyevu," akasema.

Nilirudi kwangu nikachochea makaa kwa hasira mpaka mteja akasogeza kiti chake nyuma.

Nikaacha bahari, nikaingia bustanini. Nilimpelekea mchicha, kwa kuwa nilidhani hakuna awezaye kugombana na mchicha. Aliweza. Mchicha una chicha, akasema, na chicha ni makapi ya nazi iliyokwisha kukamuliwa tui. Sumeya akila hayo, maziwa ya kumnyonyesha mtoto atayatoa wapi? Nilimwambia angefaa kuwa wakili. Alicheka sana, akaniombea dua, na fungu langu la mchicha akampa mbuzi wa jirani.

Utauliza mbona asile nyama. Nyama ilimtapisha tangu mwanzo wa mimba, harufu yake tu ilimkimbiza uani, na mayai vile vile. Samaki ndiye aliyemkubali, na samaki ndiye aliyekatazwa. Akabaki na wali mweupe, muhogo na chai ya rangi. Nilimpigia Taufiq nimweleze. "Mama anajua mambo hayo," akasema, akakata simu. Wanaume wana bahati, lori likiondoka hawasikii tena lolote.

Kisha siku ya kliniki Sumeya akarudi kutoka zahanati, akaketi kwenye kigoda changu. Niligeuza viganja vyake nikaona vimepauka. Muuguzi alikuwa amemwambia damu imepungua mno. Amempa vidonge, amemwambia ale samaki na mboga za majani kila siku, na kama damu haitapanda hatazalia huku, atavushwa ng'ambo kwa feri akaongezwe damu. Na uchungu ukimshika kabla ya hapo, akitokwa na damu kidogo tu, anaweza kufa yeye au mtoto, au wote wawili.

"Kaa hapa ule sasa hivi," nikamwambia. "Nani atamwambia Bi Nana?"

"Mimi nitamwambia," akasema Sumeya. "Sitaki kumficha, mama. Nyumbani walinifukuza, yeye akanichukua. Nikianza kumdanganya nitabaki na nani?"

Nilitamani kuwapiga wote wawili. Nikavuka njia na upawa mkononi, hata shikamoo nikaisahau.

"Bi Nana, utamuua mtoto wa watu."

Aliinua uso. Nadhani hakuna aliyewahi kusema naye hivyo.

"Kliniki wamesema damu hana. Wewe wakaa hapa na majina yako. Ulipokuwa na mimba ya Taufiq ulikula nini?"

"Wali na chumvi," akasema taratibu. "Na Taufiq akazaliwa mzima, alhamdulillahi."

"Na ni nani aliyekwambia samaki ana ubaya?"

Alijaribu kutia uzi kwenye sindano, akalikosa tundu, akajaribu tena. "Kabla ya Taufiq nilikuwa na mimba nyingine, Nyevu. Wewe ulikuwa kitoto. Nilikuwa na uchu wa chewa, sili kitu ila chewa. Uchungu ulipokuja, mtoto hakuja. Nilishinda nao, nikakesha nao. Alipotoka alikuwa wa kike, mzuri, hana sauti." Akauvuta uzi. "Chumba kimejaa wanawake. Mmoja amesimama mlangoni, akasema, 'Huyu kala chewa, ndiyo maana mtoto kachewa.'"

Kwetu Mombasa kuchewa ni kuchelewa, kwa hivyo sikuhitaji kuelezwa. Nikaliona neno lile likitoka mlangoni na kwenda zake. Bi Nana aliniambia lilifika matangani kabla hata ya ubani. Mavyaa yake, mamake Mzee Khatibu, hakumtazama tena usoni mpaka alipofariki. Na Bi Nana kila alipopita, watu walimwita mla chewa.

"Tangu siku hiyo," akasema, "kila jina nalisikiliza kwanza kabla halijaingia mdomoni mwa mtu wangu. Natafuta asiye na neno baya ndani yake. Simpati."

Nilisimama pale na upawa wangu, hasira imenijaa, ila sasa haikuwa hasira ya kumkasirikia yeye. "Mjinga gani huyo aliyesema maneno kama yale mbele ya mzazi?" nikauliza. "Kama yu hai nitajie, nikamtukane mimi."

"Yu hai," akasema Bi Nana. "Ni mamako."

Mama yangu ndiye aliyekaanga samaki kwenye meza ile kabla yangu. Sasa amezeeka, miguu haimtii, anakaa chumba cha nyuma kwangu akisikiliza redio. Na Bi Nana ameketi mkabala na meza ile miaka yote hiyo, akinunua, akitusalimu, akimsomea mama dua akiugua, bila kunidokezea hata siku moja.

Nilimkuta mama akimenya ndimu. Nilidhani atakana, au atakuwa amesahau. Hakusahau.

"Chewa yule nilimuuzia mie," akasema. "Biashara ilikuwa changa, baba yenu keshakufa, nanyi wadogo. Mtoto alipotoka maiti, nikawaona wanawake wanatazamana. Nikajua swali lijalo, amekula nini, na kwa nani. Wangesema samaki wa yule mjane alikuwa ameoza. Basi nikalisema la jina la samaki, kabla hawajalitaja langu."

"Ukamwacha nalo?"

"Nilidhani ni neno la siku moja, mwanangu."

Sijawahi kumkasirikia mama kiasi kile, na hasira haikuwa na pa kwenda. Samaki hao hao ndio walionilisha na kunitia shuleni. Sikulala vizuri. Alfajiri niliteremka pwani kuwangoja wavuvi, nikanunua chewa angali anapumua, nikamkata vipande, nikamtia ndimu na kitunguu thaumu, nikamkaanga. Kisha nikamwambia mama avae buibui.

Kumvusha njia ile kulikuwa kazi. Bodaboda zilitupigia honi, mama akazitolea fimbo, nikawatukana wote pamoja. Bi Nana alikuwa barazani. Alipotuona aliinuka.

"Shikamoo, mama," akasema. Nilishangaa adabu ile bado ipo.

"Marahaba, Nana."

Sumeya akaleta kiti. Nikaweka sahani mkekani, na hakuna aliyeuliza ni samaki gani. Mama alipumua kwanza, mikono juu ya fimbo.

"Nana, samaki hakumuua mwanao. Neno lile nililisema kwa hofu. Niliogopa mutasema samaki wangu ameoza."

Bi Nana alitunga ua moja. Akatunga la pili, kisha akaweka sindano chini.

"Alikuwa ameoza?"

"Wallahi, alikuwa mbichi. Alitoka majini asubuhi ile ile."

"Basi mwanangu aliuawa na nini?"

Mama aliinamia fimbo yake. "Sijui, Nana," akasema. "Sijui mie."

Bi Nana akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku aliyozikwa Mzee Khatibu. Alilia kwa sauti, mbele ya wapita njia, na Sumeya akapiga magoti akamshika. Nami nikaisogeza sahani pembeni, isipigwe teke.

"Miaka yote nilikuwa na samaki wa kumlaumu," akasema alipopata pumzi. "Sasa sina hata huyo."

Akajipangusa kwa ncha ya leso. Akaomba maji, Sumeya akamnawisha. Akaivuta sahani, akakata kipande cha mnofu, akakichambua kwa vidole muda mrefu ingawa chewa hana miba ya kutisha, akakipeleka mdomoni mwa mkaza mwanawe.

Sumeya akameza. Bi Nana akalitazama tumbo lile, akangoja. Kisha akachambua kipande kingine.