Samaki Mwonjaji

Niliomba maji ya kunywa nyumbani kwa dada yangu, kijijini Lipingo, nikaambiwa nisubiri samaki aonje kwanza.

Nilidhani ni utani. Safari ya kushuka kutoka Mbinga ilikuwa imenikausha koo, na dada amependa kunitania tangu utotoni. Safari hii hakucheka. Alichota kata moja kutoka kwenye ndoo, akaimimina ndani ya beseni alimokuwa akizunguka samaki mmoja mdogo, gege.

"Kaa, mdogo wangu," alisema. "Ugali ukiiva naye bado anaogelea, utakunywa."

Nilikaa. Samaki yule nilimfahamu. Nilikutana naye nikiwa mtoto, darasani, ndani ya hadithi.

Wewe uliyelelewa kwenye ufukwe huu utakumbuka harufu ya usipa, dagaa wetu, walioanikwa mchangani, na mlio wa michi ikitwanga muhogo nyumba hadi nyumba. Bibi alituamsha kabla upepo haujalichafua ziwa, tukateke maji. Palikuwa na mahali pa kuteka na mahali pa kusugulia vyungu kwa mchanga, na ole wako ukivichanganya. Siku moja niliingia pa kuteka na miguu yenye tope. Bibi alinishika sikio mbele ya wanawake wote. "Umetia miguu ndani ya mtungi wa watu!" alifoka. Kisha tulikunywa palepale, kwa viganja, maji baridi yasiyo na ladha yoyote isipokuwa ubaridi wenyewe.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mmatengo, mtoto wa wakulima wa kahawa huko milimani. Somo likiisha mapema alitusimulia hadithi alizozitunga mwenyewe, zote za miaka ambayo haijafika. Katika mojawapo, chombo kilipaa kutoka Mbamba Bay hadi mwezini kikiwa kimejaa usipa. Hiyo tuliipenda. Nyingine ilihusu ziwa letu. Lilikuwa bado linang'aa, alisema, ila lilibeba sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wa milimani walikuwa wakinyunyizia kahawa yao dawa, na kazi ikiisha kila baba alikwenda kuoshea bomba lake kijitoni, ili sumu isibaki uani wanakocheza wanawe. Kila mmoja wao alikuwa baba mwema. Kijito kilishuka, kikaingia mtoni, na mto ukaingia ziwani. Ndipo kila nyumba ya ufukweni ikafuga samaki wa kuonja maji.

Darasa zima liliangua kicheko.

"Mwalimu, huyo samaki atalipwa mshahara?"

"Atalipwa," alijibu, bila kutabasamu. "Mshahara wake ni kuishi mpaka jioni."

"Basi mimi naomba kazi hiyo!" mwenzetu mmoja alipaza sauti, akavimbisha mashavu na kupepesa viganja kama mapezi, hata mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia.

Nilipomsimulia bibi, alikasirika. "Mwalimu gani huyo anayelitukana ziwa mbele ya watoto?" Akanyoosha mkono kuelekea majini, kusikoonekana mwisho. "Nani ana sumu ya kulijaza hili?" Bibi huyohuyo aliyeogopa tope la mguu mmoja hakuweza kuamini uchafu ambao hakuuona ukiingia.

Sasa, mbele ya beseni, nilimuuliza dada ni nani aliyemfundisha jambo hili. Hakuwahi kusoma kwa mwalimu yule, wala hadithi ile hakuisikia.

"Nifundishwe na nani?" alisema. "Masika iliyopita mjukuu wangu alikunywa maji ya hapa mlangoni pa mto, akatapika hadi tukadhani tunamzika. Tangu hapo nina samaki. Jirani naye anaye. Kisima kiko mbali, na magoti yangu unayajua."

Nikakumbuka asubuhi ya siku ileile. Gari letu lilisimama darajani, huko juu, na chini yake kijana mmoja alikuwa akisuuza bomba la dawa. Povu la buluu lilimzunguka miguuni, likateleza na maji. Aliniamkia Shikamoo kwa adabu, na bila kuulizwa akaeleza, "Naoshea huku, mzee. Nyumbani kuna watoto." Niliitikia Marahaba na kuendelea na safari, nikimhesabu kuwa mtu mwangalifu. Alisema maneno ya hadithi ile, karibu neno kwa neno, nami sikuyatambua.

Ugali uliiva. Dada aliweka mwiko chini na kuinamia beseni. Gege alikuwa amelala ubavu juu ya maji, jicho moja likitazama dari.

"Basi," dada alisema. "Leo tena kisimani." Akachukua ndoo, akatoka kwenda kumwaga.

Mjukuu wake alikuwa amesimama karibu nami muda wote, kikombe mkononi. Nilingoja alie, au angalau aulize kwa nini. Alikwenda kabatini, akakirudisha kikombe mahali pake, kisha akatoka kucheza.

Sisi tulicheka darasani kwa sababu tulijua, bila kufundishwa, kwamba ziwa hunywewa. Hadithi ya mwalimu ilikuwa kichekesho kwetu kwa kuwa tulikuwa na kitu cha kupoteza. Mtoto yule ningemsimulia hadithi hiyohiyo, naye asingeona ndani yake lolote la kuchekesha. Angengoja tu nifike mahali hadithi yenyewe inapoanza.