Kamati ya Kuchagua Pampu ya Kompyuta

Nilikuwa na miezi mitano tu kazini, mwalimu wa fizikia niliyetoka Lindi na koti moja jepesi, nilipoteuliwa kuwa katibu wa Kamati ya Pampu. Shule yetu iko milimani Mbulu, na wakati huo wanafunzi walichota maji ya kupikia kwa ndoo kutoka kijitoni. Kamati haikuhusika na maji hayo. Ilihusika na maji yaliyokuwa ndani ya kompyuta ya mkuu wa shule.

Kompyuta yenyewe ilikuwa zawadi. Mtu mmoja aliyesoma hapo zamani alikuwa akihariri filamu Dar es Salaam, na aliponunua mashine mpya akaikumbuka shule yake. Ilifika kwa basi, imezungushiwa godoro. Lilikuwa boksi kubwa lenye ubavu wa kioo, na ndani yake mipira myembamba iliyopitisha maji ya bluu, huku taa zikibadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Maji yale yalipita juu ya prosesa, ubongo wa mashine, yakabeba joto lake, yakaenda kupozwa na feni, kisha yakarudi kuanza upya. Mashine iliyoundwa kuhariri filamu ikapewa kazi ya kuandika barua za wazazi na kuchapa mitihani. Mkuu aliitandikia kitambaa cha kufuma, na kila mgeni alipelekwa kuiona kabla hajaonyeshwa madarasa. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, sisi walimu tulipitapita ofisini kwa visingizio mbalimbali, tukasimama nyuma yake joto linapotokea na kunyoosha mikono.

Siku moja ilizima katikati ya barua. Ikawashwa, ikakaa dakika chache, ikazima tena. Mkuu alisema ni umeme. Mtunza stoo alisema ni virusi. Niliomba ruhusa nikaifungua. Mpira mmoja ulikuwa wa moto, wa pili baridi kabisa, na maji ya bluu yametulia tuli. Pampu yake, kitu kidogo kama kikombe cha kahawa, ilikuwa imekufa. Nilidhani nikishasema hivyo ataagizwa mtu akanunue nyingine, basi. Mkuu alinisikiliza kwa makini, akavua miwani, akasema jambo la uzito huu haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja.

Ndipo tukakaa watu watano. Mkuu alikuwa mwenyekiti. Mwalimu wa kilimo aliingizwa kwa sababu alikuwa amekaa Hirbadaw, akasimamia mashine ya kisima kirefu, na hakuruhusu mtu yeyote asahau hilo. Mtunza stoo aliingizwa kwa sababu fomu zilikuwa kwake. Wa nne alikuwa mama mmoja mkulima wa vitunguu saumu kutoka Tlawi, mjumbe wa bodi ya shule, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa lakini kiti kilikuwa kitupu.

Kikao kilichukua asubuhi nzima. Mwalimu wa kilimo alieleza kwa kirefu kwamba pampu ni nguvu za farasi, na kwamba Hirbadaw walikuwa nazo kadhaa. Mtunza stoo alitaka kujua ataandika ni ya inchi mbili au tatu. Nilipoonyesha kwa vidole unene wa mpira wa kompyuta, aliandika kwenye fomu: pampu moja, kubwa. Yule mama alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Mwishoni aliuliza maji hayo yanapita kwenye njia nyembamba kiasi gani, na yanakutana na kizuizi gani huko njiani.

Nilimjibu mimi, kwa sauti ninayoitumia kwa kidato cha kwanza.

"Mama, hii siyo ya shambani. Ni ya kompyuta."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusuka ukili wake. Mkuu akafunga mjadala kwa kusema shule itanunua pampu yenye uwezo wa juu kuliko zote, na kwamba katibu, kwa kuwa ana shahada, ataifuata Arusha.

Muuza duka kule Arusha aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, ya kompyuta. Nyingine ilikuwa ya matangi ya samaki wa mapambo, na kwenye boksi lake idadi ya lita kwa saa ilikuwa mara tatu ya ile ndogo. Muuzaji alianza kunieleza tofauti. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa fizikia, naye akafunga mdomo kwa adabu.

Nilirudi na ya samaki. Haikuenea ndani ya boksi, ikabidi ikae nje juu ya kitambaa. Haikutumia umeme wa kompyuta, ikabidi ichomekwe ukutani. Mdomo wake ulikuwa mpana kuliko mpira, nikaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tulipoiwasha ilinguruma hadi mwalimu wa darasa la jirani akatuma mtu kuuliza kama kuna pikipiki ofisini. Na maji ya bluu, baada ya makelele yote hayo, yalisogea kwa uvivu, kama mtu anayeitwa kufagia. Kompyuta ikazima. Kisha ule mtikisiko ukalegeza ule ukanda wa tyubu, na maji ya bluu yakaanza kudondoka kwenye kitambaa cha mkuu.

Mkuu aliniuliza kinachoendelea. Nikasema iko kwenye majaribio. Ulikuwa uongo, na siku tatu nzima niliurudia kila aliponiuliza, kwa maneno marefu zaidi kila mara. Naye alikuwa ameshaalika mgeni kutoka wilayani aje kuona matunda ya kamati.

Jumamosi nilipanda kwenda Tlawi. Sikuwa na mpango wa maana. Nilijua tu kwamba katika kikao kile swali lilikuwa moja, na nililizima mimi. Nilimkuta mama shambani akipalilia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za shule, za baridi, za watu wa kwetu Lindi. Hakuuliza habari za pampu hata kidogo. Nikamweleza mwenyewe, yote, pamoja na kitambaa.

Alinishusha bondeni kwenye kijito. Alikuwa na pampu mbili. Ile kubwa, yenye mdomo mpana, ilipeleka maji kwenye mboga zilizo usawa wa kijito. Aliiwasha, na maji yakatoka kwa wingi hadi nikarudi nyuma. Kisha akaizima, akaunga mpira mwembamba wa kumwagilia kwa matone uliokuwa umeviringishwa pale, akaiwasha tena. Mashine ikalia vilevile, lakini mwisho wa mpira ukatoa machozi tu. Akahamishia mpira uleule kwenye pampu ndogo, ile ya kupandishia maji kwenye matuta ya juu. Maji yakaruka.

"Hiyo kubwa ina maji mengi, ila haina kifua," alisema. "Ukiipa njia nyembamba inachoka. Sasa kompyuta yenu, njia yake ni nene?"

Nilimwambia kwamba pale juu ya prosesa maji hupita kwenye mifereji myembamba kama meno ya kitana. Akaanza kuviringisha mpira wake. Nilisimama pale na viatu vimelowa, nikikumbuka kwamba wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha mambo haya haya kidato cha tatu, kwa chaki, na kuwapa zoezi. Nilikuwa nimewapa hata alama za chini walioshindwa.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, aliniuliza kitu kingine.

"Mwalimu, na hiyo kazi ya kuandika barua, inaleta joto la kuhitaji maji?"

Nikakiri kwamba hapana. Kwa barua, feni ya kawaida ingetosha. Akacheka polepole, akasema basi hilo tusimwambie mkuu kabla mgeni hajaja.

Jumatatu nilimpigia simu muuza duka, nikamwomba radhi, na safari hii nikamwacha aeleze. Ile ndogo ilifika kwa basi siku iliyofuata. Lita zake zilikuwa chache, lakini nguvu yake ya kusukuma ilikuwa kubwa. Ilikula umeme wa kompyuta yenyewe, na midomo yake ililingana na mipira yetu. Niliiweka chini ya kitenki cha maji ya bluu, kwa sababu ikikauka inaungua, nikainamisha boksi huku na huku hadi mapovu yakaisha. Haikusikika. Nilijua inafanya kazi kwa kushika mipira tu.

Mgeni alikuja, akatazama taa, akashukuru. Mkuu alihutubia kuhusu vigezo vya kitaalamu vilivyotumiwa na kamati, mwalimu wa kilimo akaongezea habari za Hirbadaw, na kompyuta ikachapa barua moja ya kumshukuru mgeni kwa kufika.

Katika muhtasari niliandika kwamba pampu sahihi ilipatikana kwa ushauri wa mjumbe wa bodi, mkulima. Mkuu aliusoma, akasema hilo halitaeleweka wilayani, akaniomba niandike kwamba kamati ilijiridhisha. Niliandika alivyotaka. Nilikuwa mgeni kazini, niliogopa, na mpaka leo sentensi hiyo ipo kwenye faili kwa mwandiko wangu.

Niliporudi Tlawi kumweleza mama, hakukasirika. Alinitolea karatasi ya maelezo ya pampu yake, yote Kiingereza, akaniomba nimsomee. Alikuwa ameitunza tangu aliponunua. Katikati ya karatasi ulikuwepo mchoro wa mstari unaoshuka, unaoonyesha jinsi maji yanavyopungua kadiri kizuizi kinavyoongezeka. Nilipomaliza kumweleza, alisema alikuwa anaujua mstari huo, ila hakujua kwamba umechorwa.

Muhula uliofuata nilipeleka kidato cha tatu shambani kwake. Wanafunzi arobaini na wawili walimwamkia kwa pamoja, wakajipanga mstari kandokando ya kijito, na mimi nikakaa kwenye jiwe na daftari langu nikiandika anachosema.